Kumfundisha Mtoto Kuandika: Lipi Kweli, Lipi Si Kweli

Ijumaa mchana, kipindi cha mwisho, mwalimu anaandika kichwa cha insha ubaoni: "Siku Nisiyoisahau." Chini yake anaongeza: ukurasa mmoja na nusu, mlete Jumatatu. Jumatatu madaftari yanakusanywa, yanapigwa wino mwekundu, yanarudi na alama. Huyu kapata 12 kati ya 20, yule 7, mwingine kaandikiwa "ongeza bidii". Wiki inayofuata kichwa kingine. Hivyo ndivyo watoto wengi wa shule za msingi, kutoka Tanga hadi Kisumu, wanavyokutana na uandishi. Ukiutazama mzunguko huo wote, huoni mahali hata pamoja ambapo mtoto amefundishwa kuandika. Ameamriwa, kisha amepimwa. Fundi seremala hampi mwanagenzi mbao na msumeno asubuhi, akaenda zake, akarudi jioni kuipa meza alama. Humkalisha karibu, akamwonyesha randa inavyoshikwa, akamwacha ajaribu, akamrudisha pale mkono ulipopotoka.

Siwalaumu walimu. Wengi wao walifundishwa vivyo hivyo, na wengi wana watoto themanini katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya arobaini na tano. Ninachotaka kukigusa ni imani tunazozirithi kuhusu uandishi wa watoto, zile zinazosemwa kwenye vyumba vya walimu na vikao vya wazazi kana kwamba hazina mjadala. Baadhi ni kweli, baadhi ni nusu kweli, na nyingine zinawaumiza watoto.

"Mtoto ajue kusoma kwanza, kutunga kutafuata."

Si kweli. Mwezi Januari 1907 Maria Montessori alifungua nyumba ya kulelea watoto wa familia maskini katika mtaa wa San Lorenzo, mjini Roma. Watoto wale alikuja kuwapa herufi zilizokatwa kwa karatasi ya msasa, wakazipapasa kwa vidole huku wakitamka sauti zake. Haukupita muda mrefu, watoto wa miaka minne na mitano wakaanza kuandika maneno kwa chaki, kabla hawajaweza kusoma kitabu. Jambo lililowasaidia sana ni kwamba Kiitaliano huandikwa karibu kama kinavyotamkwa.

Kiswahili nacho ni hivyo. Irabu zetu ni tano na hazibadiliki sauti. Mtoto aliyejua ma, me, mi, mo, mu na ba, be, bi, bo, bu tayari anaweza kuwaandika mama, babu na bibi, watu watatu wenye habari nyingi kuliko kitabu chochote cha darasa la kwanza. Tena mtoto huyo haji shuleni mtupu. Anajua ukisema "Paukwa" ajibu "Pakawa". Anajua hadithi ina fisi mwenye tamaa, ina sungura mwenye hila, ina mahali ambapo mambo yanaharibika na mahali yanapotulia. Muundo wa hadithi anao kichwani tangu hajajua kushika penseli. Mpe karatasi achore kilichotokea jana, kisha aandike sentensi moja chini ya picha. Huo ni utungaji.

Bila shaka atakosea. Ataandika "ninapeda" akikusudia "ninapenda", ataandika "mutu", ataunganisha "namama". Charles Read, aliyechunguza watoto wa Marekani wanaojitungia tahajia, alionyesha mwaka 1971 kwamba makosa ya namna hiyo yana utaratibu: mtoto anaandika kile ambacho sikio lake linasikia. Katie Alcock na Damaris Ngorosho, waliochunguza tahajia ya watoto wa Tanzania na kuchapisha matokeo mwaka 2003, walionya kwamba hata lugha inayoandikwa kama inavyotamkwa si rahisi kwa anayeanza. Kwa hiyo "ninapeda" ni habari kwa mwalimu: mtoto huyu bado hajaisikia ile n mbele ya d. Hapo ndipo pa kumfundishia, na mwalimu asingepajua kama mtoto angekuwa ananakili tu kutoka ubaoni.

"Mwandiko mzuri ndio uandishi mzuri."

Nusu kweli, na nusu iliyo kweli wengi hawaitambui. Mwandiko wa kupendeza haufanyi insha kuwa nzuri. Kuna daftari zenye herufi kama zimechapwa kiwandani na ndani yake hamna wazo hata moja. Lakini wepesi wa mkono una maana kubwa. Virginia Berninger na watafiti wenzake nchini Marekani wameonyesha kwamba mtoto anayehangaika kuunda kila herufi hutumia akili yake yote hapo, asibakiwe na nafasi ya kufikiri anachotaka kusema. Akifika mwisho wa neno, sentensi imeshampotea. Kwa hiyo dakika chache za mazoezi ya mwandiko kila siku katika madarasa ya chini zina faida, ilimradi lengo liwe mkono uende haraka na usomeke.

Na aandikaye kwa mkono wa kushoto aachwe aandike kwa huo huo. Kumhamisha kwa fimbo au kwa kumcheka ni kumwongezea mzigo mtoto ambaye tayari ana kazi ngumu. Msogeze akae upande ambao kiwiko chake hakitagongana na cha mwenzake, mwinamishie daftari kidogo, basi.

"Mjaze mtoto methali na misemo, insha yake itang'ara."

Si kweli, na hili nataka kukaa nalo, kwa sababu limekula miaka mingi ya watoto wetu.

Kenya ilikuwa na mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, kuanzia 1985 hadi 2023, nao ulikuwa na karatasi ya insha. Katika miaka yake ya mwisho mtoto alipewa dakika 40 na insha ilihesabiwa kwa alama 40. Kwamba mtoto wa darasa la nane alitakiwa kutunga kitu chake mwenyewe mbele ya taifa lilikuwa jambo jema. Lakini alama zilipokuwa na uzito kiasi kile, biashara ya mapambo ikazuka. Watoto walikaririshwa utangulizi mzima. Jua lilichomoza, ndege wakatumbuiza. Msimulizi alirauka alfajiri na mapema, akajitoma hamamuni, akastaftahi. Siku ya siku ikawadia. Hatari ilipotokea alitimua mbio, miguu niponye. Insha ikafungwa kwa methali mbili tatu, na tashbihi zikiwa zimepachikwa kila aya kwa idadi aliyoambiwa.

Tazama kilichofanyika. Mtoto wa Mombasa anayeamka kwa sauti ya adhana na harufu ya mahamri, na mtoto wa Turkana anayeamka kuwafungulia mbuzi, wote wawili waliandika asubuhi moja ambayo haikuwa ya yeyote kati yao. Mtoto alifundishwa kwamba maisha yake hayafai kuandikwa mpaka yavikwe nguo za kuazima. Na hata msomaji mwenye subira, sembuse msahihishaji aliyechoka, akifika insha ya ishirini yenye ndege wale wale, haoni tena jua wala ndege.

Methali zenyewe hazina kosa. Ni hazina, na mtoto anapaswa kuzisikia nyingi. Lakini methali huja pale jambo linapoiita. Babu akisema "Mchelea mwana kulia hulia yeye" anasema kwa sababu kuna mzazi mbele yake anayeshindwa kumkanya mwanawe. Mpe mtoto jambo kwanza. Akishaeleza jinsi jirani alivyokataa ushauri na paa likaezuliwa, muulize: wazee wangelisemaje hapa? Akiikumbuka methali mwenyewe, itakaa mahali pake. Asipoikumbuka, insha haijapungukiwa.

Badala ya orodha ya misemo ya kukariri, mfundishe mtoto kuona. Mwambie aeleze jiko la nyumbani kwao bila kutumia neno "zuri" wala "baya". Mwambie aandike sauti tatu alizozisikia akija shuleni. Mtoto atakayeandika kwamba chujio la chai kwao limeshonwa kwa kipande cha neti amekupa kitu ambacho hakuna kitabu cha mapambo kingempa.

"Mwalimu mzuri husahihisha kila kosa."

Si kweli. Chukua mfano. Mtoto wa darasa la tatu ameleta insha hii: "Mbuzi wetu alikufa. Baba alisikitika sana. Na mimi nilisikitika sana. Mbuzi alikuwa mzuri. Mwisho." Mwalimu wa kalamu nyekundu ataandika "fupi mno" na kumpa 6. Mtoto atajifunza nini hapo? Kwamba wakati ujao arefushe. Ataandika "nilisikitika sana sana sana".

Mwalimu mwingine anamwita mtoto mezani, anamuuliza: ulijuaje kwamba amekufa? Mtoto anasema alikwenda kumfungua asubuhi akakuta kamba imekaza, mbuzi amelala, mdomo una povu. Baba akampasua, akatoa nailoni tumboni, nyingi, nyingine ya bluu. Mwalimu anasema: hayo yote hayamo humu, na ndiyo niliyotaka kuyajua. Nenda ukayaandike. Mtoto anarudi na hii: "Asubuhi nilikwenda kumfungua mbuzi wetu. Kamba ilikuwa imekaza. Alikuwa amelala na mdomo wake una povu. Baba alimpasua akatoa nailoni nyingi tumboni. Moja ilikuwa ya bluu." Neno "nilisikitika" limeondoka lenyewe, na huzuni imeingia.

Mazungumzo hayo mafupi ndiyo Donald Graves wa Chuo Kikuu cha New Hampshire aliyoyatetea katika kitabu chake cha 1983, baada ya yeye na wenzake kukaa miaka miwili katika shule ya msingi ya mji mdogo wa Atkinson wakiwatazama watoto wakiandika. Walichokiona ni kwamba watoto wadogo wanaweza kurudia kazi yao na kuiboresha, mradi mtu awaulize kuhusu habari yenyewe kabla ya kuwauliza kuhusu koma.

Mwalimu wa watoto themanini atasema: hayo ni ya Marekani. Basi tupige hesabu. Kusahihisha daftari moja kwa dakika 3 tu, daftari 80 zinakula dakika 240. Ni saa nne za kupiga wino mwekundu, jioni, kwa mwanga hafifu, na mtoto akirudishiwa anaangalia alama halafu anafunga daftari. Saa hizo zikitumika kwa njia nyingine zitazaa zaidi. Zungumza na watoto wanane kwa siku, dakika mbili mbili, wengine wakiwa wanaandika. Baada ya siku kumi za shule umewafikia wote. Wengine wasomeane wawili wawili kwa sauti, kila msikilizaji aulize swali moja. Kisha chagua kosa moja linaloonekana kwenye daftari nyingi, kwa mfano kuanza sentensi bila herufi kubwa, au kuchanganya r na l, ulifundishe ubaoni kwa darasa zima, na wiki hiyo kila mtu arekebishe hilo tu katika kazi yake. Kosa moja linaloeleweka lina faida kuliko duara thelathini nyekundu.

Usahihi haudharauliwi. Una zamu yake, nayo ni mwisho, mtoto anapoandaa nakala safi ya kusomwa na watu.

"Mwalimu asionekane akikosea mbele ya watoto."

Si kweli kabisa. Watoto wengi hawajawahi kumwona mtu mzima akitunga. Wanaona vitabu vilivyokamilika na notisi zilizokamilika, kisha wanadhani maneno hutoka kichwani yakiwa yamenyooka. Mwalimu aandike nao. Asimame ubaoni aseme: nataka kueleza basi lilivyoharibika jana. Aandike sentensi, aisome, aseme "hapana, hii haionyeshi joto lililokuwamo", aifute, aandike nyingine. Dakika kumi za namna hiyo zinawafundisha watoto kwamba kufuta ni sehemu ya kazi. Na haigharimu chochote zaidi ya chaki.

"Sarufi kwanza, insha baadaye."

Si kweli kwa sehemu kubwa. Mwaka 1963 Richard Braddock na wenzake walipitia tafiti zilizokuwapo za ufundishaji wa uandishi Marekani, wakakuta kwamba kufundisha kanuni za sarufi peke yake hakuboreshi uandishi. George Hillocks alirudia kazi hiyo mwaka 1986 akafikia karibu pale pale. Steve Graham na Dolores Perin walipokusanya tafiti za darasa la 4 hadi la 12 mwaka 2007, sarufi ya kukariri ilikuwa miongoni mwa njia dhaifu kabisa. Njia mojawapo iliyofanya vizuri ni kuwapa wanafunzi sentensi fupi fupi waziunganishe kuwa moja.

Tafiti hizo ni za Kiingereza, lakini Kiswahili kina utajiri wa pekee katika kuunganisha, na utajiri huo umo ndani ya kitenzi. Mpe mtoto sentensi tatu: "Bibi alikwenda sokoni. Bibi alinunua samaki. Samaki walikuwa wabichi." Muulize anaweza kuzisemaje kwa pumzi moja. Atapata: "Bibi alikwenda sokoni akanunua samaki wabichi." Ile -ka- anaitumia kila siku akisimulia ugomvi wa uwanjani. Hajui tu kwamba anaruhusiwa kuiandika. Kesho yake mpe -po-: "Alipofika, samaki walikuwa wamekwisha." Keshokutwa -ki-: "Alirudi akinung'unika." Katika wiki moja mtoto ameona kwamba kitenzi kimoja kinaweza kubeba wakati, mtendaji na mfuatano wa mambo, tena ameona hayo ndani ya habari yake mwenyewe. Linganisha na mtoto anayejaza nafasi zilizoachwa wazi kwa ngeli ya LI-YA mwaka mzima, kisha akashindwa kuandika barua kwa shangazi yake.

"Wengine wamezaliwa na kipaji, wengine hata ufanyeje."

Si kweli kwa maana inayotumika shuleni, ambayo ni kumwacha mtoto. Vipaji vinatofautiana, nakubali. Lakini uandishi unaomtosha mtu kueleza jambo lake akaeleweka unaweza kufundishwa kwa karibu kila mtoto.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka Barbiana, kijiji cha milimani karibu na Florence, Italia. Huko padri Lorenzo Milani alikuwa na shule ya watoto wa wakulima, wengi wao wakiwa wamefelishwa na kufukuzwa katika shule za serikali. Mwaka 1967 vijana wanane wa shule hiyo walichapisha barua ndefu kwa mwalimu anayefelisha watoto maskini, na kitabu hicho, "Lettera a una professoressa", kikawatikisa Waitaliano. Ndani yake wanaeleza walivyoandika. Kila mmoja alikuwa na kijidaftari, na wazo likimjia aliliandika. Kila wazo lilikaa kwenye kipande chake cha karatasi, upande mmoja tu. Siku moja walivikusanya vipande vyote juu ya meza kubwa, wakatupa yaliyojirudia, wakaweka pamoja yanayohusiana. Mafungu yale yakawa sura. Kisha wakaanza kupunguza: neno lisilo na kazi likatolewa, sentensi ndefu ikakatwa. Mwishoni wakawaita watu wa nje waisome, hasa wasiosoma sana, kuona kama wameelewa.

Hakuna hatua hata moja hapo inayohitaji kompyuta. Darasa la tano la Singida linaweza kufanya hivyo sakafuni kwa vipande vya karatasi ya daftari na vijiwe vya kuzuia upepo. Mada iwe kitu kinachowahusu: kisima kilichokauka, bodaboda wanaopita kasi mbele ya shule, kwa nini wasichana wanachelewa kufika asubuhi. Mtoto ambaye peke yake angeandika mistari minne atachangia vipande sita, na ataona kwa macho yake mawazo yaliyotawanyika yakigeuka aya.

Hata wale tunaowaita magwiji walijali kufundisha kazi hii. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufanya kazi ya ukarani wa forodha kwa miaka mingi, alituachia kitabu kiitwacho "Kielezo cha Insha", kilichochapishwa mwaka 1954. Aliona haja ya kuwapa wanaojifunza mifano ya kuitazama. Kumsomea mtoto kipande kizuri, mkakizungumza, kisha naye akajaribu namna hiyo kwa habari yake, si kumfundisha wizi. Ndivyo washairi wa pwani walivyofundishana tangu zamani, kwa kusikiliza na kujibizana.

"Mtoto huandika vizuri zaidi akijua nani atamsoma."

Kweli tupu. Célestin Freinet alirudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza akiwa na jeraha la mapafu. Kuongea siku nzima mbele ya darasa kulimshinda. Katika kijiji cha Bar-sur-Loup, kusini mwa Ufaransa, katikati ya miaka ya 1920, alinunua mashine ndogo ya kuchapia, watoto wakaandika habari za kijiji chao, wakazipanga herufi kwa herufi na kuzichapa. Wakabadilishana na watoto wa shule ya mwalimu René Daniel huko Trégunc, Bretagne, upande wa pili wa nchi. Mtoto anayejua kwamba mwenzake wa mbali hajawahi kuona mizeituni hulazimika kueleza mizeituni. Hakuna mwalimu anayehitaji kumwambia "fafanua".

Kwetu wasomaji wapo. Shule moja ya Pemba na moja ya Songea zinaweza kubadilishana barua. Mmoja aeleze karafuu zinavyochumwa, mwingine aeleze mahindi yanavyopukuchuliwa. Barua iandikwe kwa mwenyekiti wa kijiji kuhusu kalvati lililobomoka, na ipelekwe kweli. Insha tano zibandikwe ukutani mahali wazazi wanapopita. Na mradi wa African Storybook, unaoendeshwa kutoka Afrika Kusini tangu 2014, unatoa hadithi za bure za watoto kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, na unaruhusu watu kutunga zao.

"Kuandika ni kazi ya mwalimu wa Kiswahili."

Si kweli. Mwongozo uliotolewa mwaka 2012 na taasisi ya serikali ya Marekani inayosimamia utafiti wa elimu unashauri saa nzima ya kuandika kila siku kuanzia darasa la kwanza. Vipindi vyetu vya madarasa ya chini ni vya dakika 30, kwa hiyo saa hiyo haitapatikana katika somo moja. Mtoto anayeotesha maharage kwenye pamba aandike kila siku alichokiona. Kwenye hisabati aeleze kwa maneno alivyopata jibu. Saa inapatikana ikigawanywa.

"Kisichotahiniwa hakifundishwi."

Kweli kwa bahati mbaya, na hapa ndipo penye mzizi. Kwa miaka mingi mtihani wa kumaliza darasa la saba Tanzania ulikuwa, kwa sehemu kubwa, wa kutia kivuli kwenye herufi ya jibu sahihi, ukisahihishwa kwa mashine. Mtoto angeweza kufaulu Kiswahili bila kutunga aya moja. Uwezo, mpango uliotembea nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda tangu 2009, ulipima kusoma na kuhesabu na ukaziamsha nchi tatu. Kuandika hakukupimwa. Katika KKK zetu tatu, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, K ya katikati imekuwa yatima: inatajwa kwenye kila mtaala, lakini hakuna anayeulizia inaendeleaje.

Kuna watakaosema tuirudishe insha kwenye mtihani na mambo yatanyooka. Kisa cha KCPE kinaonyesha kwamba haitoshi; mtihani wa insha unaotunza mapambo huzaa mapambo. Swali liwe la aina ambayo jibu lake haliwezi kukaririwa: eleza kwa mtu asiyewahi kufika kwenu namna ya kutoka nyumbani hadi shuleni, eleza kazi moja unayoijua kufanya kwa mikono yako. Alama zitolewe kwa uwazi na kwa kilichoonwa.

Mzazi, mwanao akikuletea daftari leo, lisome mpaka mwisho kabla hujataja kosa, kisha muulize jambo moja ulilotaka kulijua zaidi. Mwalimu, tafuta kipindi kimoja wiki hii uandike nao, ubaoni, ukifuta na kurudia. Nanyi mnaotunga mitihani Dar es Salaam na Nairobi, mpeni kila mtoto nusu ukurasa mtupu na swali linalohusu maisha yake, na mtenge fedha za kumlipa mwalimu atakayeusoma.